Magenge ya Vijana Mijini, na Jinsi Polisi Wanavyopambana Nayo

Kila mwaka, mavuno yakiisha, twawaona vijana wetu wa Maramba wamesimama kando ya barabara na mifuko yao, wakingoja gari la kwenda Tanga. Wengine hukomea Tanga. Wengine huendelea hata Dar es Salaam. Wengine huvuka mpaka wa Horohoro wakaingia Mombasa. Walio wengi hupata kazi ya halali, nao hukumbuka nyumbani. Lakini wako wachache ambao khabari zao hukatika. Baba akiuliza, huambiwa, "Tulimwona zamani kidogo, hatujui sasa yuko wapi." Na mara nyingine khabari ya kwanza kufika baada ya kimya kile ni kwamba kijana amekamatwa, ama ameuawa.

Kwa sababu hiyo twaona yafaa kuwaeleza wazee wetu, wenyeviti wa vijiji, waalimu na wote wasomao, mambo mawili: magenge ya vijana wahalifu katika miji mikubwa ni kitu gani, na polisi hutumia njia gani kupambana nayo. Tena tutaonyesha kwamba kazi hii haiwezi kumalizwa na askari peke yao, na kwamba sehemu yake moja iko mikononi mwetu huku mashamba.

Yafaa kwanza kufahamu jinsi genge linavyozaliwa. Kijijini kijana hajulikani kwa jina lake tu, bali kwa baba yake, mama yake na ukoo wake. Akiiba kuku, kabla ya magharibi mzee wake amekwisha ambiwa. Mjini hali si hiyo. Watu hukaa nyumba moja wasijuane majina. Kijana asiye na kazi wala jamaa hukutana na wenzake walio kama yeye, wakakaa pamoja kijiweni, wakala pamoja, wakajipa jina. Jina lile huwapa heshima waliyoikosa. Mwanzo hunyang'anya simu moja, kisha mkoba mmoja. Na wakiisha kuona ya kuwa kundi la watu ishirini halizuiliwi na mtu mmoja, huongeza ujeuri. Basi genge si jeshi lenye jemadari, kama watu wanavyodhani. Mara nyingi ni watoto wa mtaa mmoja waliokosa msimamizi, wakapata mapanga.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Dar es Salaam, wale walioitwa Panya Road. Jioni ya Ijumaa, tarehe 2 Januari 2015, kundi la vijana waliokuwa wakitoka kumzika mwenzao, aliyeuawa na watu kwa tuhuma za wizi, lilipita mitaani likifanya fujo na kupora. Khabari zikaenea mji mzima kwa simu. Sisi tulikuwako mjini jioni ile, tumetumwa kwa kazi ya ofisi. Tuliona wenye maduka wakifunga milango kwa haraka, abiria wakishuka katika magari na kukimbia, na kina mama wakiita watoto wao ndani. Tulipouliza, tuliambiwa, "Wamefika mtaa wa pili." Tulipofika mtaa wa pili, tuliambiwa wako mtaa wa tatu. Sisi hatukumwona hata mmoja wao. Hivyo tulijifunza kwamba silaha ya kwanza ya genge ni panga, lakini silaha ya pili ni uvumi. Na uvumi hupelekwa na watu wema wenyewe.

Siku zilizofuata, polisi wa Kanda Maalum ya Dar es Salaam, chini ya Kamanda Suleiman Kova, walifanya msako mkubwa na kuwakamata vijana kwa mamia. Mji ukatulia. Hata hivyo jambo halikwisha. Mwaka 2022 makundi ya namna hiyo yalitokea tena, yakiingia nyumba za watu usiku na kujeruhi wenyeji kwa mapanga. Mwezi wa Septemba mwaka huo mwanafunzi wa chuo aliuawa huko Kawe, na siku chache baadaye polisi walitangaza kwamba watuhumiwa sita wameuawa walipokutana na askari. Swali ni hili: ikiwa mamia walikamatwa mwaka 2015, kwa nini ugonjwa ulirudi baada ya miaka saba? Ili kujibu, hatuna budi kuzitazama njia za polisi moja moja, na kupima kila moja yaweza nini na haiwezi nini.

Njia ya kwanza ni doria. Askari hupita mitaani kwa miguu na kwa magari, hasa saa za usiku na mahali palipo na giza. Doria humwogofya mhalifu na kumtuliza raia. Lakini mji ni mkubwa na askari ni wachache. Genge hungoja askari apite, kisha likatoka.

Njia ya pili ni msako. Polisi huzingira mtaa ghafula na kukamata wanaoshukiwa. Msako huvunja genge kwa siku zile, na ndiyo maana serikali zote huutumia watu wanapolia. Ila una upungufu wake: wavu huo huvua samaki wote, wakubwa na wadogo. Aliyekuwa akitoka kibaruani hukamatwa pamoja na mwizi. Asiye na hatia akilala rumande siku nyingi pamoja na wahalifu, aweza kutoka akiwa na marafiki wapya na chuki mpya.

Njia ya tatu ni upelelezi. Hii haina kelele, lakini ndiyo yenye mzizi. Mpelelezi hutafuta kujua genge lina watu wangapi, nani huwaongoza, hulala wapi, na hasa nani hununua mali yao. Simu kumi za wizi haziliwi, lazima ziuzwe. Mnunuzi akikosekana, wizi hupungua faida. Kupokea mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria, hata kwa mtu ambaye hakushika panga. Tena kila simu ina namba yake ya utambulisho ambayo haibadiliki kwa kubadili laini, na katika nchi yetu Mamlaka ya Mawasiliano ina daftari la namba hizo. Simu iliyoibwa, ikitolewa taarifa, yaweza kufungiwa isitumike. Kwa hiyo yeyote anunuaye simu kwa bei ya ajabu, bila risiti, kwa mtu asiyemjua, ajue ya kuwa yeye ndiye anayelisha genge, hata akiwa amekaa hapa Maramba.

Njia ya nne ni ushirikiano wa polisi na raia. Nchi yetu ina historia ndefu katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, walijiundia ulinzi wao uitwao sungusungu. Mwaka 1989 ulinzi huo ulitambuliwa kwa sheria, na baadaye ukaingia hata Dar es Salaam. Tangu siku za uongozi wa Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeteuliwa mwaka 2006, jeshi letu la polisi limehimiza mpango uitwao Polisi Jamii, ambao ndani yake raia hulinda mtaa wao kwa zamu na kutoa khabari kwa askari. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 2013 mpango wa Nyumba Kumi, jina na wazo ambalo sisi tulilijua zamani kwa mabalozi wetu wa nyumba kumi kumi.

Faida ya njia hii ni kwamba humrudishia mjini kile tulichokisema kuhusu kijijini, yaani kujuana. Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa: walinzi wa raia wakikosa usimamizi, hugeuka mahakimu na wanyongaji. Tukumbuke kwamba fujo za Januari 2015 zilianza na mazishi ya kijana aliyeuawa na umati. Wale waliomwua walidhani wanapunguza mwizi mmoja. Kesho yake waliona kundi zima barabarani. Zaidi ya hayo, umati hauna masikio. Mara ngapi imesikiwa kwamba aliyechomwa hakuwa mwizi, bali mpita njia aliyeitiwa kelele? Mkamateni, mfungeni mikono, mpelekeni kituoni. Hapo ndipo mpaka wa haki ya raia.

Njia ya tano ni nguvu za silaha. Polisi ana haki ya kujilinda na kumlinda raia aliye hatarini, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu askari kwa hilo. Lakini mtuhumiwa akiisha kufa, hakuna hakimu awezaye kumhoji, wala hatasema wenzake ni nani na mnunuzi wake ni nani. Na ikiwa hakuwa na hatia, hakuna dawa. Mwezi wa Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, itazame namna vyombo vya haki jinai vinavyofanya kazi, polisi wakiwamo. Kuundwa kwa tume ile kwatuonyesha kwamba serikali yenyewe yajua: nguvu isiyo na haki huvunja imani ya raia, na polisi asiyeaminiwa hapewi khabari.

Sasa tutazame miji ya mbali. Mji wa Los Angeles, huko Marekani, ulipigana na magenge kwa ukali kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980 vijana waliokimbia vita vya El Salvador waliunda huko genge lililokuja kuitwa MS-13. Serikali ya Marekani ilipochoka nao, iliwafukuza wengi katika miaka ya 1990 ikawarudisha kwao. Je, genge lilikufa? La. Lilipandwa upya El Salvador, nchi maskini iliyotoka vitani, likakua kuliko lilivyokuwa mwanzo. Mwezi wa Machi 2022, baada ya watu 87 kuuawa katika siku tatu, serikali ya El Salvador ilitangaza hali ya hatari na kukamata watu, ambao baadaye walizidi 80,000. Mauaji yalipungua sana, na raia wengi wakafurahi. Lakini maelfu waliokamatwa ilibidi waachiwe baadaye. Wako wasiokuwa na hatia waliofungwa miezi mingi, na wengine walifia gerezani. Kila nchi na ipime bei hiyo kabla ya kuinunua.

Mji wa Boston, huko huko Marekani, ulichagua njia nyingine mwaka 1996. Polisi waligundua kwamba mauaji mengi ya vijana yalifanywa na watu wachache waliojulikana kwa majina. Basi waliwaita viongozi wa magenge mkutanoni, wakakaa nao pamoja na wachungaji wa makanisa, maafisa wa ustawi na waendesha mashtaka. Waliwaambia maneno mawili bila kuficha: "Mtu mmoja wa genge lenu akiua, tutalishika genge lote kwa kila kosa lake, dogo na kubwa. Na atakaye kuacha, huyu hapa wa kumsaidia." Katika miaka iliyofuata, mauaji ya vijana wa mji ule yalipungua kwa zaidi ya nusu. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha upungufu ule kilitokana na mpango huo, lakini miji mingi imeufuata.

Kadhalika mji wa Glasgow, huko Scotland, ambako vijana walikuwa wakichomana visu kwa ugomvi wa mitaa. Katika mwaka wa 2004 hadi 2005 watu zaidi ya 130 waliuawa katika Scotland nzima. Mwaka 2005 polisi wa huko waliunda idara maalum iliyoutazama ukatili kama waganga watazamavyo maradhi: hutibiwa, lakini pia huzuiwa kabla haujaenea. Tangu mwaka 2008 vijana wa magenge waliitwa mahakamani, si kushtakiwa, bali kusikiliza. Walisimama mbele yao askari, daktari aliyeshona majeraha, na mama aliyempoteza mwanawe. Mwishoni walipewa namba ya simu ya kupiga ikiwa wataka kuacha na kupata kazi au mafunzo. Miaka kumi baada ya idara ile kuundwa, mauaji katika Scotland yalikuwa chini ya nusu ya yale ya mwanzo.

Jirani zetu wa Mombasa nao wana msiba huo. Makundi kama Wakali Kwanza na Gaza yamewatesa watu wa Kisauni na mitaa mingine kwa mapanga. Kenya ilitunga mwaka 2010 sheria ya kuzuia makundi ya uhalifu, ambayo humfanya mtu kuwa na hatia kwa kuwa mwanachama tu wa kundi lililopigwa marufuku. Vijana wetu wavukao Horohoro na wajue hilo. Kukaa kijiweni na watu wa genge, kwa urafiki tu, kwaweza kumtia mgeni katika hesabu yao.

Katika nchi yetu pia sheria ni kali. Unyang'anyi wa kutumia silaha una adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, na panga ni silaha. Kijana wa miaka ishirini akinyang'anya simu kwa panga, aweza kutoka gerezani akiwa na miaka hamsini, wazazi wake wamekwisha zikwa. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Yeye hahukumiwi kifungo cha gerezani, bali kesi yake husikilizwa na mahakama ya watoto. Akiwa angali akingoja hukumu, zipo mahabusu za watoto, na mojawapo iko Tanga. Mzazi wa mtoto aliyekamatwa asijifiche kwa aibu. Aende, ajitambulishe, na athibitishe umri wa mwanawe kwa cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na mzazi wala cheti huweza kuhesabiwa mtu mzima.

Twarudi kwenye swali letu: kwa nini ugonjwa hurudi? Wakubwa wengi wa zamani walijibu, "Warudisheni vijana hawa kwao mashamba." Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, nao walioitwa wahuni walikamatwa Dar es Salaam na kurudishwa vijijini. Serikali yetu huru nayo ilifanya mfano wa hayo kwa sheria ya mwaka 1983, katika mpango uliojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Mara zote mbili wengi wa waliorudishwa walipanda gari tena wakarudi mjini, kwa kuwa kilichowaondoa kijijini hakikubadilika. Na El Salvador yatuonyesha kwamba kuhamisha genge si kuliua.

Basi tusiseme, "Hayo ni mambo ya Dar es Salaam." Kijana yule wa kijiweni alitoka mahali fulani. Ipo sehemu ya kazi ambayo askari wa mjini hawezi kutufanyia, nasi twaitaja kwa ufupi.

Kwanza, mtoto asiende mjini bila mtu wa kumpokea. Ijulikane ni nyumba gani, mtaa gani, na kwa nani. Na mwenyeji yule apigiwe simu mara kwa mara, si siku ya matatizo tu.

Pili, waalimu watazame sana miezi ile baada ya mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne. Hapo ndipo mtoto aliyeshindwa hujiona hana thamani tena. Aambiwe mapema kwamba zipo njia nyingine: vyuo vya ufundi vya VETA, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa iliyo hapa hapa Maramba kwa wale wanaochaguliwa, na mashamba yetu ya machungwa na ya viungo, ambayo kijana aweza kuyaendesha ikiwa baba yake atakubali kumgawia kipande kilicho chake. Twasema haya kwa wazee kwa heshima: kijana afanyaye kazi miaka mitano katika shamba la baba bila kupata hata mti mmoja wa kuuita wake, huyo amekwisha kupanda gari moyoni.

Tatu, viongozi wa vijiji wawe na daftari la wageni na walilinde, na taarifa zao wazipeleke kwa polisi wa kata zikiwa za kweli. Asitajwe mtu kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Taarifa ya uongo mmoja huharibu kumi za kweli.

Nne, kijana akirudi kutoka mjini, hata kutoka kifungoni, asipokewe kwa kejeli. Wale wa Boston na Glasgow waligundua kwa gharama kubwa kwamba mtu haachi genge ila akiwa na mahali pa kwenda. Sisi mahali hapo tunapo tayari: ni nyumbani. Tukimfungia mlango, kijiwe kitamfungulia.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kumwonya kijana ni wajibu, na askari afanye kazi yake kwa mhalifu bila upendeleo. Lakini mwenye kumwonya awe pia ni yule anayemtafuta akipotea. Ikiwa wako kati yenu, wasomaji wetu, wenye mtoto mjini ambaye hawajasikia sauti yake tangu mavuno yaliyopita, twawasihi wasingoje mavuno mengine. Wamtafute wiki hii.